Lorna na Ugonjwa Uliofichwa Nyumbani

Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, Lorna hakupanga foleni ya githeri pamoja na wenzake wa Gredi ya Saba. Alipenya nyuma ya vyoo, akaruka mtaro na kukata katikati ya mashamba ya majani chai, viatu vikimteleza topeni. Alipofika nyumbani alisimama chini ya dirisha la chumba cha wazazi wake na kuchungulia. Baba yake, Ndambiri, alikuwa amelala kama alivyomwacha asubuhi, uso ameuelekeza ukutani. Lorna alisubiri mpaka alipoona blanketi likipanda na kushuka. Kisha akakimbia kurudi darasani, tumbo tupu, pumzi juujuu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kawaida yake muhula huo. Mwalimu akifundisha, yeye alikuwa akitazama mlango. Akiitwa jina, alishtuka.

Zamani Ndambiri hakuwa mtu wa kulala. Alijulikana katika kijiji kizima cha Kibugu kwa kuamka mapema na kwa utani wake aliowachekesha nao majirani. Lakini tangu mvua za masika zianze, alikuwa amebadilika polepole. Kwanza aliacha kwenda kanisani. Baadaye akaacha kuchuna chai, akaacha kuoga, na chakula akawa anakionja tu na kukisukuma kando. Usiku Lorna alimsikia akizunguka jikoni. Alipomuuliza kama anaumwa, alijibu kwamba amechoka.

Wambeti, mama yake Lorna, alifanya kazi zote peke yake. Ndugu mmoja wa ukoo alikuwa amekuja akasema huo ni uvivu, na mwingine akasema ni laana. Tangu hapo Wambeti alikataa wageni. Alimwonya Lorna asimwambie mtu yeyote, maana watu wangesema baba yake ameingiwa na wazimu, na jina kama hilo halifutiki. Mtu akiuliza, Lorna aseme baba amepata kibarua mtaa wa Majimbo, mjini Embu.

Basi Lorna akadanganya. Alimdanganya mwalimu wake, akawadanganya marafiki. Kilichokuwa kigumu zaidi ni kumdanganya Gitari, rafiki wa baba yake tangu utotoni, ambaye kila Jumapili aliuliza habari zake. Kila mara Lorna alilazimika kuongeza kitu: mara wanajenga ghorofa, mara simu ya baba imeharibika. Aliporudi nyumbani alishindwa kutulia. Aliosha vyombo vilivyokuwa safi, akafagia ua uliokwisha kufagiwa.

Jumamosi moja mama yake alitangulia kwenda kituo cha kununulia majani chai. Lorna alimpelekea baba yake uji. Ndambiri aliketi kitandani, akakishika kikombe bila kunywa. Alimtazama bintiye kwa muda mrefu.

"Wewe ni mtoto mzuri," alisema kwa sauti ya chini. "Utamsaidia mama yako. Ninyi mtaishi vizuri zaidi nisipokuwepo."

Lorna alimuuliza anataka kwenda wapi. Ndambiri alijilaza tena, akageukia ukuta.

Lorna alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Aliogopa kumwacha, na aliogopa kukaa kimya. Alikumbuka onyo la mama yake. Halafu akakumbuka jinsi baba alivyomtazama, kama mtu anayeaga. Akamwita nyanya yake aliyeishi boma la pili, akamwomba aje aketi na baba na asimwache hata kidogo. Nyanya alipoingia, Lorna alikimbia.

Kituoni watu walikuwa wengi, vikapu vimejaa, wakisubiri karani apime. Gitari alimwona kwanza. Aliuliza kama baba yake angali Majimbo. Wambeti, aliyekuwa karibu, alimkazia binti yake macho.

"Hapana," Lorna alisema. "Baba hajaenda popote. Yuko nyumbani, ni mgonjwa. Ameniambia tutaishi vizuri zaidi asipokuwepo. Naogopa."

Wambeti alijifunika uso kwa leso. Lorna alidhani watu wangecheka, lakini hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alitua kikapu chake chini. Alikuwa Purity, mhudumu wa afya ya jamii, ambaye naye alikuwa ameleta chai yake. Alimshika Wambeti mkono na kumwambia waende nyumbani sasa hivi. Gitari aliwafuata bila kuuliza chai yake itapimwa na nani.

Nyumbani, Purity aliketi kando ya kitanda. Hakumkemea Ndambiri wala kumwambia ajikaze. Alimuuliza wazi kama amekuwa akifikiria kufa. Machozi yalimtoka Ndambiri, akasema ndiyo.

"Asante kwa kutuambia," Purity alisema. "Leo hutabaki peke yako."

Walimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Daktari alieleza kwamba ana ugonjwa unaoitwa sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha yenyewe, na kwamba unatibika kwa dawa na kwa mazungumzo na mshauri. Alisema pia kwamba huenda majuma kadhaa yakapita kabla hajaona nafuu.

Ilikuwa hivyo kweli. Mwanzoni dawa zilimletea usingizi mzito, na Lorna akahofu kwamba zimemzidishia ugonjwa. Zilikuwepo siku ambazo Ndambiri alikataa kuzimeza, na Wambeti akalia. Lakini sasa walikuwa na wenzao. Wanaume wa kanisa waligawana kuchuna chai yake. Gitari alikuja kila jioni, akimtoa kwa matembezi mafupi hata alipokataa kuzungumza. Purity aliwaingiza katika kikundi cha watu wanaoishi na magonjwa ya akili pamoja na jamaa zao. Huko Wambeti alikutana na mwalimu na mwenye duka, watu aliowajua miaka mingi bila kujua walichokipitia.

Ndambiri alipopata nafuu alianza kutoka mwenyewe. Siku moja alimkuta Lorna akichuma mboga, akashika kikapu. Lorna akamuuliza kama amepona kabisa.

"Bado kuna siku mbaya," Ndambiri alisema. "Zikija, namwambia mama yako, au Gitari. Sizifichi tena."

Wambeti aliwasikia, akasogea. Alikiri kwamba alikosea kumfunza mtoto uongo.

"Nilidhani nalinda heshima ya nyumba," alisema, "kumbe nilikuwa namfungia baba yako mlango ambao msaada ungepitia. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, Lorna, wala hauna aibu. Mtu akikwambia maneno kama yale ya baba yako, hata akikuomba uyaweke siri, mtafute mtu mzima unayemwamini, umwambie siku hiyohiyo. Nami nikikukataza tena, usinitii."

Ndambiri alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Lorna alimtazama, kisha akainama kuendelea kuchuma mboga, na mikono yake ilikuwa imetulia.