Kreti ya Fanta kwa Bi Zaituni

Swabra alikuwa amekumbatia mizani katikati ya soko la Gitega, na kila aliyepita alimdhania mfanyabiashara. Mama mmoja wa Bukirasazi alimsimamisha ampimie maharagwe. Maskini, hiyo ilikuwa mizani ya watoto wachanga, na Swabra alikuwa muuguzi wa zahanati ya mtaani kwao, Muyinga. Mtandio wake wa njano ulikuwa umemteleza hadi mabegani, na hakuwa na mkono wa kuurudisha.

"Dada, na mimi nipime," sauti ikasema nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililonyooshwa vizuri, kofia ya kufuma, meno yote nje.

"We uko maharagwe ama viazi?"

"Vyovyote. Nikikubebea hiyo mizani mpaka kwenye basi la Muyinga, nitapungua tu."

"Umejua aje mi naenda Muyinga?"

"Unaongea kama watu wa kwetu. Nilizaliwa huko, nikakulia kambini Kasulu, Tanzania. Naitwa Husni. Jumatatu naanza kazi ofisi ya ustawi wa jamii."

"Ile iko pembeni ya zahanati yetu? Karibu, sha. Lakini Kiswahili yako ni ya redio. Watu watafikiri unawasomea habari."

Akacheka, akaichukua mizani. Swabra akapata nafasi ya kurudisha mtandio, na ya kumtazama vizuri.

Nyumba ya kazi ilikuwa moja, milango miwili. Wa kushoto ulikuwa wa wagonjwa, na benchi lilijaa tangu asubuhi: Wakongo wa Uvira na Bukavu, Waislamu wa mjini, na waliorudi kutoka Tanzania bila kujua mashamba yao yako mikononi mwa nani. Wa kulia ulikuwa wa Husni, na walioingia ni nzi tu. Ulitazamana na soko. Aliyeonekana akiingia pale alikuwa ametangaza kwamba kapigwa na mumewe, au kanyang'anywa ardhi, au watoto wamelala njaa. Nani anaitaka aibu hiyo?

"Tufungue mlango wa katikati," Swabra akasema wiki ya kwanza tu. "Wote wapite kwangu. Mwenye homa namtibu. Mwenye homa na matatizo, namtuma kwako kwa ndani. Huko inje nani atajua?"

"Ulikuwa wapi miaka yote, mganga wangu?"

"Niko hapa hapa. Si ni we ulikimbia?"

Mlango ukafunguliwa, ufunguo akakaa nao Swabra. Wasiokuja kabisa waliwafuata majumbani, na waliongozana na Mzee Kassimu wa msikitini na Mama Dorotea wa parokia, wote wawili pamoja, isije nyumba yoyote ikasema imetumiwa watu wa upande mwingine. Wakabeba na kreti ya Fanta, kwa kuwa mazungumzo mazito hayaanzi koo likiwa kavu. Jioni simu ya Swabra ililia kabla hajavua viatu; ni Husni.

"Umekula, mpenzi?"

"Si tumeachana sasa hivi?"

"Ndiyo maana nauliza. Zimepita dakika nyingi."

Walipendana, na mtaa mzima ulijua. Kilichobaki ni posa, na posa haikuja.

Siku moja Swabra alirudi Gitega kuchukua dawa. Aliposhuka Muyinga akasikia vigelegele vinatoka kwao. Posa imekuja! Akapita jikoni, akachungulia: Mzee Kassimu ndani ya kanzu ya Idi, Mama Dorotea kwenye kitenge cha misa, Husni katikati, na kreti ya Fanta sakafuni. Mama yake, Bi Zaituni, alikuwa amekaa kwenye mkeka, khanga imefunika miguu, anacheka kama bibi harusi mwenyewe. Mashangazi walikuwa wamekwisha kuitwa.

"Tumewapokea!" Bi Zaituni akasema. "Mtoto ni wenu!"

Husni alikuwa anatoka jasho. "Mama, samahani. Leo sikuja kuposa. Tumekuja kwa ajili ya mguu wako."

Kigelegele kikakatika kooni mwa shangazi.

"Mguu?" Bi Zaituni akauliza taratibu. "Kassimu, kanzu yote hiyo ni juu ya mguu? Na mwenye sukari mnamletea Fanta? Mguu wangu ni muzima. Beba vitu vyenu!"

Swabra alitamani ardhi immeze. Husni alipopiga simu mara ya kwanza hakupokea. Ya pili akapokea.

"Nilimwona sokoni anachechemea, Swabra. Ana kidonda na anakificha. Wewe ni mtoto wake, angekukatalia. Nikadhani wazee..."

"Mi ndo muuguzi! Na mi ndo umenikana mbele ya majirani!"

"Sikukukana. Nilisema leo..."

Akakata. Kesho yake akaufunga mlango wa katikati, akaweka ufunguo mfukoni. Jioni akamwomba mama yake amwonyeshe mguu. Mama akageukia ukutani.

Asubuhi Ghislaine, Mkongo wa Uvira, akaleta mtoto wake zahanati. Ile mizani ya Gitega ikasema kweli: mtoto anapungua.

"Nyumbani kuna chakula?"

Ghislaine akainamisha kichwa. "Bwana alituacha."

"Zunguka mlango wa pili, watakusaidia."

Ghislaine akatazama soko, watu wamejaa. Akafunga kitenge chake vizuri. "Aksanti. Nitarudi."

Swabra alijua harudi. Akaona haya, haya ya kweli. Hasira zilikuwa zake, njaa ilikuwa ya mtoto wa mwenzake. Akamkimbilia barabarani, akamrudisha kwa mkono, akafungua mlango wa katikati.

Husni alikuwa mezani, shati limekunjamana. Alimsikiliza Ghislaine mpaka mwisho, akampangia msaada. Walipobaki wawili akasema:

"Baba nilimzika Kasulu. Ami zangu sijui waliko. Mwanamume anajiposea mwenyewe? Sina wa kunisemea, Swabra. Nilikuwa naona aibu kukwambia."

"Kassimu na Dorotea wanasemea mtaa muzima. Watashindwa na we?"

"Mkatoliki kwenye posa yetu?"

"Si ndiye alibeba kreti? Njoo nao. Mambo mengine niachie mi."

Wakaja Ijumaa baada ya swala, safari hii na chai isiyo na sukari. Bi Zaituni hakuinuka mkekani.

"Leo mmekuja juu ya mguu ama juu ya mtoto?"

Kassimu akafungua kinywa kujibu. Lakini sauti ikatoka nyuma ya pazia, ambako binti anayeposwa hutakiwa kunyamaza.

"Vyote viwili, mama. Na mi sijibu posa mpaka mguu uonekane."

Mashangazi wakashika vinywa.

"Mtoto gani anamuweka mama yake kwenye mahari?" Bi Zaituni akauliza.

"Mtoto wako."

Bi Zaituni akaivuta khanga, kidonda kikaonekana. Harufu ikajaa chumba, na hakuna aliyegeuza uso. Swabra akatoka na sanduku lake la dawa. Husni akapiga magoti, akaupakata ule mguu juu ya nguo zake safi.

"Utakatwa?" Bi Zaituni akauliza, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo.

"Kesho tunaenda Gitega, hospitali," Swabra akasema. "Bado iko nafasi, mama. Lakini ni kesho."

"Nitamsindikiza mimi," akasema Mama Dorotea.

Bi Zaituni akafuta macho. "Bon. Kassimu, sema neno lako upesi, huyu kijana asichoke kunishikilia."

Mzee Kassimu akaanza: kijana wetu Husni, asiye na baba wala ami hapa, sisi ndio ndugu zake, ametutuma... Swabra alikuwa anafunga bandeji. Hakuinua kichwa, wala hakumsubiri mzee amalize.

"Ego," akasema. "Nimekubali."