Ukaya Ndani ya Ua la Mudan

Harufu ndiyo iliyomsimamisha Faudhia mlangoni. Alikuwa amefungua studio ya mwalimu wake asubuhi kama kawaida, akitarajia tapentaini na gundi, badala yake pua yake ikakutana na vilua. Hayakuwa marashi yanayofanana na vilua. Vilikuwa vilua vyenyewe, vibichi, kama vile vinavyotungwa pamoja na asumini na kuvaliwa na bibi harusi kwao Wete, kisiwani Pemba. Guangzhou, huko Uchina, ina maua ya kila namna, lakini vilua haina.

Akaifuata harufu ile mpaka ikamfikisha kwenye picha kubwa iliyoegemezwa ukutani.

Ilikuwa ni majira ya unyevu, mwaka wa tisini na nane, wakati ambapo kuta za mji ule hutoka jasho na nguo hazikauki. Studio ilikuwa juu ya duka la vitambaa, kwenye kichochoro nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na sakafu yake ililoa kama imepigwa deki. Picha peke yake ndiyo ilikuwa kavu. Faudhia alipoigusa pembeni, aliuondoa mkono haraka. Ilikuwa na joto, joto la ngozi ya mtu aliyelala.

Mwalimu wake alikuwa Bibi Ou, mjane aliyekaribia miaka sabini, na wanafunzi wote walimwita Laoshi, yaani mwalimu. Utotoni baba yake alimfundisha kuchora maua kwa wino mweusi kwenye karatasi laini, petali moja kwa pigo moja la brashi, bila kurudia. Ukubwani akajifunza rangi za mafuta za Kizungu, zile nzito zinazopakwa kwa kisu. Kazi zake ziliyakutanisha hayo mawili: wino umetulia chini, rangi nene imepanda juu, na katikati yake vipande vya hariri, petali zilizokaushwa na karatasi ya dhahabu. Kwa ajili ya maonyesho ya mwaka ule alitaka kitambaa kutoka mbali. Akamwomba Faudhia, mwanafunzi aliyempenda na kumfanya msaidizi wake, amletee chochote cha kwao.

Faudhia alikuwa na ukaya wa marehemu bibi yake, Bi Hafidha, ile shela nyeupe nyembamba ya kichwani. Aliuchukua sandukuni baada ya matanga, kwa mapenzi tu, akasafiri nao. Akaona ni heshima bibi yake akae ndani ya kazi ya Laoshi. Laoshi akaukata ukaya vipande, akavibandika kwenye picha ile, katikati ya ua la mudan, lile ua la Kichina lenye petali nyingi, kubwa kuliko sinia.

Baada ya siku ile ya harufu, ua likaanza kukua.

Mwanzoni Faudhia alidhani mwalimu anaongeza petali yeye akiwa darasani. Alipomuuliza, Laoshi alimtazama kwa mshangao na kusema hajaigusa picha hiyo tangu wiki iliyopita. Lakini kucha zake zilikuwa na rangi mbichi. Na alikuwa amekonda. Wali aliopikiwa uliachwa bakulini mpaka ukaota ukungu. Kitu pekee alichokubali kupitisha kinywani ni maji ya waridi, ambayo alimtuma Faudhia kuyatafuta kwenye maduka ya Waislamu, ingawa maisha yake yote yeye mwenyewe hakuwahi kuyajua.

Alasiri moja Faudhia alikuwa akisafisha brashi, amempa mgongo mwalimu wake. Nyuma yake akasikia kitu kinavuta pumzi, polepole, kama mtu anayenusa nguo kabla ya kuivaa. Akageuka. Laoshi alikuwa ameketi mbele ya picha, mikono mapajani, macho ameyafumba.

"Faudhia, mjukuu wa Hafidha," akasema. "Umenileta mbali."

Alisema kwa Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha kubahatisha cha wenye maduka wa Zhanqian wanaowaita wateja wa Kiafrika. Kilikuwa Kipemba cha wazee, chenye lafudhi ya shamba, kwa sauti ya kiume iliyotulia, na midomo ya bibi yule wa Kichina, ambayo haikujua hata kusema hujambo, iliyatamka maneno hayo kana kwamba ilizaliwa nayo, huku shingo yake ikiwa imeinama upande wa kushoto, vilevile Bi Hafidha alivyokuwa akiinamisha yake kila alipofungiwa chumbani na wanawake wakubwa na watoto wakaambiwa wakacheze mbali.

Faudhia alishuka ngazi bila viatu.

Aliyemweleza wa kwanza ni Bertila, msichana wa Bukoba aliyesomea uhandisi na kuishi naye chumba kimoja bwenini. Bertila alikuwa Mkatoliki wa kweli, asiyependa habari za majini, akamwambia ni uchovu. Kesho yake akaenda naye ili amtoe wasiwasi. Alikaa studio muda mfupi tu. Sauti ile ilimwita kwa jina la utotoni, jina ambalo hakuna mtu Uchina aliyelijua, ikamuuliza kwa upole kama kidonda cha mama yake kimepona. Bertila alitoka nje akaketi kwenye ngazi, rozari mkononi, na hakusema tena habari za uchovu.

Wakaenda pamoja posta kupiga simu Pemba. Mama yake Faudhia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kulia. Akaeleza kuwa ukaya ule haukuwa nguo ya kuvaa. Ulikuwa wa mgeni, ruhani, jini Mwislamu aliyekaa na Bi Hafidha tangu ujana wake, na Bi Hafidha alikuwa ndiye kiti chake, yaani mtu ambaye jini humpanda kichwani. Alipokufa, ukaya ulitakiwa ukunjwe, ufukizwe udi, usubiri. Usubiri nani, Faudhia akauliza. Mama yake akasema tu kwamba walimficha habari hiyo kwa sababu alikuwa anakwenda kusoma, wakadhani bahari itatosha kumwepusha. Akamsihi wasithubutu kuukata.

"Umeshakatwa, mama," Faudhia akasema, na simu ikakatika.

Laoshi akaanguka wiki ileile. Hospitali walimpima kila kitu, hawakuona ugonjwa, wakamtundikia maji, naye akayang'oa na kurudi studio kwa miguu akiwa na nguo za wagonjwa. Hakuwa na mume wala mtoto. Faudhia alimlaza kwenye kitanda kidogo pembeni ya chumba na kumlisha uji kwa kijiko, na kila kijiko kilirudi nje. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama ufito. Hata akiwa amelala, vidole vyake vilichezacheza hewani, vikichora petali.

Mtu pekee waliyemjua wa kumkimbilia alikuwa Mbarak, mfanyabiashara wa nguo aliyekuwa akipakia mizigo karibu na stesheni ya Liuhua. Marehemu baba yake alikuwa mganga mashuhuri Chake Chake. Mbarak mwenyewe aliikimbia kazi hiyo, akakataa mara mbili, akasema yeye anajua suruali na mashati tu. Faudhia alimpigia magoti hukohuko sokoni, katikati ya marobota, watu wakitazama. Hapo ndipo alipovaa kofia yake na kumfuata.

Huko studio, mbele ya Faudhia na Bertila, Mbarak alifukiza udi kwenye bakuli la udongo. Akasoma Ayatul Kursi, sauti ikitetemeka, kisha akaisogelea picha na kuchomeka ncha ya kisu chini ya ukingo wa ukaya ili aubandue. Laoshi akapiga ukelele kule kitandani. Mstari mwekundu ulijichora juu ya mkono wake, mahali palepale kisu kilipopita kwenye ua. Mbarak akakiacha kisu kikaanguka.

"Usinisomee kwa hofu, Mbarak," ile sauti ikasema. "Baba yako nilikuwa nikisoma naye."

Mbarak alipiga magoti. Akamwomba mgeni aseme anataka nini: halua, kitambaa kipya, sinia lake lote la sadaka, apewe aondoke kwa amani, maana bibi huyu si wa damu ya Hafidha, hamjui wala hajamkosea. Mgeni akakubali kwamba bibi hana kosa. Akasema mikono yake ni mizuri, hajapata kukaa kwenye mikono mizuri namna ile. Lakini kiti hiki kimechakaa, na yeye hawezi kukaa hewani. Atashuka akipewa kiti chake cha haki. La sivyo atabaki alipo mpaka kiishe, nacho hakina siku nyingi.

Mbarak akamvuta Faudhia kando.

"Mwanangu, nakwambia kama mzazi. Ukimkubali, mimi sina elimu ya kukutolea. Mwache bibi afe kifo chake. Ni mzee."

Faudhia alimtazama Laoshi. Alikumbuka mwaka wake wa kwanza, alipolazwa na homa na hakuna aliyemjua mjini, na bibi huyu akaketi pembeni yake akimmenyea machungwa.

"Ami, mimi ndiye niliyempa ule ukaya," akasema.

Akaketi sakafuni mbele ya ua. Bertila akamshika mkono, akisali kwa kunong'ona. Mwanga wa mchana ulikuwa bado unaingia dirishani, na chini watu walikuwa wakibishana bei za vitambaa, wakati harufu ya vilua ilipopanda mpaka macho yakawawasha, na petali za mudan, moja baada ya nyingine, zikaanza kujikunja kuelekea ndani kama vidole vya mkono unaofumba, na Bertila akahisi kiganja alichokishika kinapata joto, kisha kinakuwa kizito, kizito kuliko kiganja cha msichana yule, mpaka kikamteleza na kugonga sakafu kwa kishindo cha mtu mzima anayeketi baada ya safari ndefu.

Kisha harufu ikakata. Vipande vya ukaya vikadondoka vyenyewe, gundi imekauka kama unga.

Kitandani Laoshi akafumbua macho na kuomba uji.

Alipona upesi kuliko walivyotarajia. Hakukumbuka kitu. Maonyesho yalifunguliwa bila picha ile, na watu waliyasifu. Faudhia naye alionekana mzima. Alikula, alisoma, alicheka na Bertila, na Mbarak alirudi kwenye mizigo yake akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Majira ya unyevu yalipopita na jua kuanza kutoka, Laoshi alikaa mezani kuchora tena. Alichovya brashi, akaiweka juu ya karatasi, na wino ukatapakaa kama wa mtoto. Akajaribu tena. Akajaribu mpaka karatasi zikamwisha, machozi yakimdondoka juu ya wino. Faudhia, kwa huruma, alikaa karibu yake na kuchukua brashi nyingine ili amwonyeshe jinsi ya kuanza. Mkono ukaenda wenyewe. Petali moja kwa pigo moja, bila kurudia, ua zima likafunguka kabla hajavuta pumzi ya pili.

Laoshi alilitazama lile ua, kisha akamtazama usoni.

"Huo ni mkono wangu," akasema.

Faudhia alitaka kumwomba radhi. Alifungua kinywa, na kilichotoka ni Kikantoni, lugha ya wazee wa mji ule, ambayo yeye, aliyejifunza Kichina cha darasani tu, hakuwahi kuijua. Aliyasikia maneno yakitiririka kwa sauti ya kiume iliyotulia, mengi, ya upole, bila kuelewa hata moja. Laoshi alisikiliza huku uso ukimbadilika rangi. Alipoona yamekwisha akasimama, akavaa viatu vyake, akashuka ngazi, na hakurudi tena katika nyumba ile.

Faudhia hakuwahi kujua alichomwambia.