Bibi Harusi wa Kibanda cha Video

Wasomaji wenzangu, mimi ni mama wa miaka arobaini na tisa, mkazi wa Katubuka hapa Kigoma. Ninayemkimbia hadi leo alishakufa zamani...

Miaka ile ya wakimbizi, mama alimpokea nyumbani Feza, msichana aliyevuka ziwa kutoka Kongo baada ya kupotezana na mama yake vitani. Tulilala kitanda kimoja. Tukajiunga na kikundi cha maigizo. Katika mchezo wetu mimi nilikuwa bibi harusi, na Kasimu, mchumba wangu wa kweli, alikuwa bwana harusi.

Akaja mtu na kamera, anataka mchezo wetu uwe filamu. Wiki hiyohiyo malaria ikanilaza! Nikamwomba Feza, kwa mdomo wangu mwenyewe, ashike nafasi yangu.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye kibanda cha video Bangwe, watu walipiga makofi. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Kasimu... Kasimu hakuwahi kunitazama vile alivyomtazama Feza. Nilipomuuliza, Feza alicheka kidogo.

"Dada, ni maigizo tu."

Nikamwamini. Ningemwamini nani mwingine?

Ndoa yangu ilipokaribia, wakatoroka wote wawili kwa boti la kwenda Kalemie, ng'ambo ya Kongo. Upepo ukachafua ziwa, boti likazama. Kasimu aliletwa amefunikwa turubai. Feza hakuonekana tena...

Nililia, nisijue kama ni hasira au msiba. Na mwenye kibanda akaendelea kuonyesha filamu ile, maana watu walifurika kuwaona marehemu. Nikipita njiani namsikia Feza mle ndani, anaapa kumpenda Kasimu.

Kisha mama yake Feza akaja kutoka kambi ya wakimbizi, akimtafuta mwanawe. Nani wa kumweleza, kama si mimi? Nikamweleza, nikampeleka kibandani. Alimwona Feza, akainuka, akagusa kioo cha runinga.

"Mutoto wangu alikuwa anafurahi?" akaniuliza.

Nikamtazama Feza akimchekea Kasimu.

"Ndiyo, mama. Alifurahi sana."

Ulikuwa ukweli, na ukweli huo ndio ulionichoma.

Baadaye niliolewa, nikazaa. Lakini usingizini Feza bado huja na nguo zilizolowa...

Ndugu zangu, moyo ukishtuka, msikubali kutulizwa kwa neno moja. Ulizeni tena, hata kama jibu litavunja uchumba. Ningeuliza tena, huenda leo ningekuwa nawachukia wote wawili, wakiwa hai.