Taa Aliyoizima Mwewe

Injini ilizimika kwenye kilima cha mwisho.

Mwewe akaupiga usukani kwa kiganja. Mbele yake gari jeupe la mizigo lilikata kona na kutokomea. Lilibeba viwasho mia mbili vya mabomu, na mpaka ulikuwa umebaki kilomita kumi na nane tu.

"Mwewe, Kituo. Mbona umesimama? Ova," redio ikakoroma.

"Gari limekufa. Ova."

"Hatuna mtu mwingine huko. Fanya ufanyavyo. Ova."

Jasusi huyu, mpe kufuli atafungua, mpe bunduki ataifumua na kuiunga gizani. Injini? Sufuri bin sufuri! Alichomeka kisomeo cha hitilafu chini ya usukani, msimbo ukatokea kwenye simu: P0335.

Aliujua msimbo ule. Mwaka jana, gari hili hili, taa ya injini iliwaka asubuhi akiwa amechelewa. Akaufuta msimbo, taa ikazimika, akaondoka zake. Mchana gari likamfia katikati ya msako na mtuhumiwa akatoroka. Kwenye ripoti akaandika kwamba fundi alifunga waya ovyo ovyo.

Fundi mwenyewe, wa gereji ya Kituo, alikuwa dada wa mkewe. Alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Tangu hapo Mwewe kala kwake Jumapili ngapi, akisifia mchuzi, macho kwenye sahani!

Sasa hakuwa na mwingine wa kumpigia. Na kila simu ya kazini hupitia Kituo. Mkubwa wa Kituo angesikia kila neno.

Akapiga.

"Shemeji! Leo jua limetokea wapi?"

"Gari limezima, shem. Lile lile. P0335."

"Lilikuwa la moto?"

"Moto kabisa. Nilikuwa napanda kilima."

"Basi ama sensa ya kranki, kile kihisio cha mzunguko wa injini, imechoka na joto, ama ni waya. Sensa nakuamshia sasa hivi. Waya ni kazi ya saa mbili. Mwaka jana ulisema ni waya zangu. Msimbo huu siku ile uliuona? Kama uliuona, ni sensa hiyo hiyo, maana waya si walizifunga upya. Kama hukuuona, tuanze na waya."

Mwewe akaitupia jicho redio. Kituo walikuwa wanasikia.

"Nakuuliza kifundi, shemeji. Sikuulizi kipolisi."

"Niliuona," akasema. "Nikaufuta. Waya zako hazikuwa na kosa lolote. Nilikusingizia."

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Barabara ilikuwa tupu, hakuna hata mtu mmoja wa kumtazama, lakini hakuweza kuinua uso.

"Una maji?" shemeji akauliza.

"Chupa moja."

"Lala chini ya gari, pale injini inapoungana na giaboksi. Kuna kidude cheusi, ukubwa wa kidole gumba, kina waya tatu. Kimwagie maji taratibu. Kikipoa utapata nusu saa."

"Shem, mimi..."

"Mwaga maji."

Akamwaga. Gari likawaka.

Aliwakuta wenye gari jeupe kwenye kizuizi cha mpakani, magari matatu tu mbele yao. Akalipita gari lao, akakingama mbele yake. Dereva akatia rivasi.

Bastola ya Glock. Risasi moja. Tairi la mbele likakaa chini.

Wawili wakashuka, mikono juu. Viwasho vilikuwemo vyote, chini ya magunia ya saruji. Askari wa kizuizi wakawatia pingu.

"Mwewe, Kituo." Safari hii alikuwa Mkubwa mwenyewe. "Kazi safi. Na yale ya simuni, usijali. Tutayafuta. Ova."

Kwenye dashibodi taa ya injini ilikuwa imewaka tena, njano. Mwewe akaitazama.

"Usifute, Mkubwa. Mrudishieni shemeji kazi yake. Halafu mniite nijieleze. Ova."

Akaacha redio na ufunguo kitini. Simu ikaita.

"Limewaka?" aliuliza shemeji.

"Limewaka."

"Wabadilishe sensa leo leo. Na Jumapili usije kula kwangu."

"Nimekuelewa, shem."

Akavaa miwani ya jua na kuondoka kwa miguu, mwendo wake ule ule wa madaha. Askari walimpigia saluti. Hakumwangalia hata mmoja.