Chupa Iliyovishwa Soksi

Haya yalimpata rafiki yangu Rubaba, hapa hapa Karachi, na mimi urafiki na waongo sina.

Umeme ulikatika mchana wa Juni. Maji ya chumvi katika tangi la samaki aliloachiwa na marehemu mumewe yakaanza kupata moto. Yakizidi, samaki wote hufa.

"Shemeji, waache wafe, tuweke sofa," Sarmad, mdogo wa marehemu, alimcheka.

"Sofa kaweke kwa mkeo! Hawafi hawa nami ni hai."

Akafunga mlango kwa ufunguo, akaenda kununua barafu, Sarmad nyuma yake akimkejeli. Kila umeme ulipokatika, marehemu alikuwa akijaza barafu kwenye chupa, akiivisha soksi ili baridi isiwashtue samaki, kisha akiiacha ielee tangini.

Waliporudi, mapazia yamefungwa, giza, pampu kimya. Kitu kikagonga kioo cha tangi: ko, ko, ko.

Chupa ilikuwa ikielea, imevaa soksi ya marehemu. Maji yalikuwa na ubaridi ule ule wa kila siku.

Sarmad akarudi kinyumenyume hadi mlangoni.

"Kama ni wewe, mume wangu, ahsante," Rubaba akasema kwa sauti. "Kama si wewe, toka! Samaki ni wangu."

Akaivua soksi. Barafu ndani ya chupa ilikuwa imetuna kwa alama za vidole vitano, vilivyosukuma kutoka ndani.