Taiyo na Mbio za Kamba

Kila siku kabla ya kwenda shule, Taiyo alipeleka maziwa kwa wateja. Shangazi yake, Noonkipa, aliyajaza kwenye madumu madogo, akayafunga vizuri, kisha wote wawili wakainamisha vichwa na kusali. Baada ya hapo Taiyo alizunguka mitaa ya Old Korogwe, nyumba kwa nyumba, akiamkia shikamoo kila mlango. Alitembea polepole. Wateja walimsifu kwamba ni mtoto mwangalifu, hamwagi maziwa. Ukweli ni kwamba Taiyo hakuwa na mwendo mwingine.

Alikuja Korogwe mwanzoni mwa mwaka kutoka nyikani Handeni, ambako baba yake, mzee Leboo, anafuga ng'ombe. Kule shule ilikuwa mbali, kwa hiyo baba alimkabidhi kwa dada yake. Siku ya kwanza darasani hakuna aliyemfahamu. Alikaa peke yake dawati la nyuma mpaka mapumziko, ndipo mvulana mmoja mnene aitwaye Mikaeli alipomsogelea, mkononi ameshika andazi.

"Wewe ni Mmasai?" Mikaeli aliuliza.

"Ndiyo."

"Basi lazima unakimbia sana."

Taiyo aliliangalia lile andazi. Lilikuwa bado la moto. "Kidogo," akajibu.

Mikaeli alilikata, akampa kipande kikubwa. Siku hiyo Taiyo alipata rafiki, na siku hiyo hiyo uongo wake ulizaliwa. Kesho yake ile "kidogo" ikakua. Wiki iliyofuata alikuwa amewahi kumkimbiza fisi mpaka fisi akakaa chini kupumzika. Kabla ya muhula kwisha fisi walikuwa wawili, na Taiyo aliwakimbiza akiwa amebeba ndama mabegani.

Hakumwambia mtu kwamba huko Handeni alichunga akiwa amepanda punda.

Habari za fisi zilimfikia Zuena wa darasa lao la tano. Zuena alikuwa na miguu mirefu na maneno machache. Hakuna aliyempita kwa mbio pale shuleni, lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni, nalo ni Mbio za Kamba.

Mbio hizo hukimbiwa kila mwaka kwenye barabara ya vumbi inayopita mashamba ya mkonge. Kila timu ina watoto watatu, na wote watatu hushika kamba moja ya katani tangu kuanza mpaka kumaliza. Atakayeiachia, hata kwa kufumba na kufumbua, timu yake yote imetoka. Mwaka uliopita Zuena na wenzake walikuwa wakiongoza. Uwanja wa kumalizia ulikuwa unaonekana kabisa. Ghafla mpira wa kaptula ya Simeo, mwenzao, ukakatika. Simeo alifikiri haraka, akaachia kamba, akaokoa kaptula. Filimbi ikalia. Zuena hakumsemesha Simeo mpaka sikukuu ya Idi.

"Mwaka huu tutakuwa mimi, Mikaeli na wewe," Zuena alimwambia Taiyo. "Zawadi ni raba mpya kwa kila mmoja. Nimeshamwambia bibi asininunulie."

Taiyo alitaka kukataa. Lakini Mikaeli alikuwa ameshamshika bega na kutangazia darasa zima, na watu wakapiga makofi. Mtu aliyekuwa akikaa peke yake dawati la nyuma si rahisi kukataa makofi.

Mazoezi yakaanza, naye akaanza kuyakwepa. Siku moja alisema ana maziwa ya kupeleka. Siku nyingine alisema Wamasai hawakimbii mwezi ukiwa mchanga.

"Kwa nini?" Mikaeli aliuliza.

"Ni mila."

"Na ukishakomaa?"

"Hapo tunapumzika."

Mikaeli alitikisa kichwa kwa heshima. "Ndiyo maana mna nguvu. Mnaitunza."

Zuena alimtazama miguuni kwa muda mrefu kidogo.

Asubuhi ya mashindano, Taiyo na shangazi yake walisali kama kawaida. Shangazi alipomaliza, Taiyo aliendelea kufumba macho. Alidhani anasali moyoni, kumbe midomo ilikuwa inatoa sauti.

"Ee Mungu, naomba homa. Isiwe kubwa, Baba. Iwe ya leo tu, isiyohitaji sindano. Na kama homa zimeisha, naomba mvua, hata ya kwenye barabara ya mkonge peke yake. Amina."

Alipofumbua macho, shangazi alikuwa anamtazama.

"Watu wanaombea homa ipone," alisema. "Wewe unaiagiza. Kuna nini?"

Taiyo alimweleza yote, fisi mpaka ndama. Shangazi Noonkipa alijitahidi kuwa mkali, akashindwa. Alicheka mpaka akaketi juu ya ndoo.

"Wewe, mbio? Ng'ombe walikuwa wanafika nyumbani, baba yako anaanza kuuliza mchungaji yuko wapi." Alipofuta machozi, uso wake ukabadilika. "Mwanangu, huyo msichana amejiandaa miezi. Nenda ukamwambie kabla hamjashika kamba. Mimi nitakuja kuwaona."

"Nikimwambia hawatanipenda tena."

"Huenda. Nenda."

Njiani Taiyo alijirudia maneno yake: mimi si mkimbiaji, nisameheni. Yalikuwa maneno mafupi, na alipofika uwanjani bado alikuwa nayo yote. Lakini Zuena alikuwa amesimama na bibi yake, mkono umekwisha kushika kamba.

"Bibi, huyu ndiye Taiyo," alisema.

"Shikamoo bibi," Taiyo aliamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndiye wewe wa fisi? Mwenyezi Mungu akubariki. Huyu mtoto hajalala kwa furaha."

Maneno yote ya Taiyo yakamezwa pamoja na mate. Akashika kamba. Zuena alikaa mbele, Mikaeli katikati, Taiyo nyuma.

"Taiyo, usitusukume sana mwanzoni," Zuena alisema. "Mfikirie na Mikaeli."

"Sawa," Taiyo alijibu.

Mwalimu Filemoni, aliyekuwa mwamuzi, akapuliza filimbi. Zuena alisema bismillahi, Mikaeli akapiga ishara ya msalaba kwa mkono usioshika kamba, nao wakaondoka.

Mpaka kwenye kona ya kwanza Taiyo alishangaa kuona bado yuko hai. Baada ya kona, mkonge ukatanda pande zote mbili na barabara ikaanza kupanda. Kifua chake kikaanza kutoa sauti ya pampu ya baiskeli iliyotoboka. Kamba ikakaza. Mikaeli, aliyekuwa katikati, akavutwa mbele na Zuena na nyuma na Taiyo, akawa anakimbia upande kama kaa.

"Taiyo, vuta mwendo!" Zuena alisema bila kugeuka.

Timu moja ikawapita, na nyingine, na nyingine. Taiyo aliona kwamba anahitaji uongo mmoja wa mwisho. Akajitupa chini, kamba bado mkononi, akashika kifundo cha mguu.

"Nimeteguka," akalia.

Mikaeli alipiga magoti karibu yake, amebadilika rangi. Nyuma ya wakimbiaji kulikuwa na bajaji ya mama Efrazia, muuguzi wa huduma ya kwanza. Dereva alisimamisha, muuguzi akashuka na sanduku lake.

"Pole, baba. Mguu gani?"

"Huu," Taiyo alisema, akionyesha wa kulia.

Mama Efrazia aliubonyeza huku na huku, Taiyo akiguna. Kisha akauacha, akaubonyeza wa kushoto. Taiyo akaguna zaidi.

"Yote miwili," alisema muuguzi taratibu. "Hii ni nzito. Achia kamba, nikupeleke ukachomwe sindano."

Taiyo aliiangalia kamba. Alimwangalia Mikaeli, ambaye machozi yalikuwa yanamlenga na bado alikuwa anampepea kwa kofia. Uongo wote wa nyuma Mikaeli alikuwa ameucheka na kuupenda. Huu ulikuwa unamliza. Taiyo akaona hawezi tena.

"Miguu ni mizima," alisema. "Sikuteguka. Sijui kukimbia. Sijawahi kukimbiza fisi hata mmoja. Nilikuwa nachunga nimepanda punda."

Hata dereva wa bajaji alizima injini ili asikie vizuri.

"Na ndama?" Mikaeli aliuliza kwa sauti ndogo.

"Hakukuwa na ndama."

"Ulinidanganya hata ndama?"

Zuena alikuwa amempa mgongo. Mkono wake ulikuwa umeikaza kamba mpaka vidole vimepauka. Taiyo alijua kwamba akifungua vidole hivyo tu, yote yamekwisha, kamba na urafiki.

"Kwa nini?" Zuena aliuliza.

"Sikuwa na rafiki. Mikaeli alikuja kwa sababu alidhani nakimbia. Niliogopa mkijua mtaondoka."

Zuena alivuta pumzi ndefu. "Mimi siachii kamba," alisema. "Nilimnunia Simeo mpaka Idi kwa kuachia kamba, halafu leo niiachie mimi? Inuka. Mwendo wako wa kweli ni upi?"

"Wa kupeleka maziwa."

"Basi onyesha."

Walianza kutembea. Zuena alichagua mti mbele, wakakimbia polepole mpaka hapo, wakatembea mpaka mti mwingine, wakakimbia tena. Mama Efrazia aliwafuata na bajaji yake, akitazama mbele kama mtu anayejizuia kucheka. Njiani walizikuta timu mbili zimekaa kando ya barabara zikilaumiana: moja ilianza kwa kasi mno mpaka mmoja wao akaanguka na kamba ikamponyoka, nyingine iliachia ili kunywa maji.

Walipoingia uwanjani, viti vilikuwa vinakusanywa. Walikuwa wa mwisho kati ya waliofika na kamba yao. Mwalimu Filemoni alikagua mikono yao mitatu, akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Raba zilikuwa zimeshachukuliwa na watoto wa shule ya Kerenge, na Zuena aliwaona wakizijaribu. Akageuza uso.

Taiyo alimfuata. "Zuena, nisamehe. Raba ulizikosa kwa sababu yangu."

"Ndiyo, kwa sababu yako," Zuena alisema. "Nimekasirika. Nitakasirika mpaka Jumatatu. Jumatatu jioni uje mazoezini, na usiniletee habari za mwezi."

"Na mimi nimekasirika," Mikaeli alisema, "lakini nina njaa zaidi."

Shangazi Noonkipa alikuwa amefika na dumu la maziwa. Aliwamiminia wote watatu, akawaketisha kwenye majani. Taiyo alimweleza kwamba alikosea, hakusema mapema, na jinsi alivyosema mwishowe akiwa chini mavumbini.

"Ulichelewa, na kuchelewa kwako kumemgharimu mwenzako," shangazi alisema. "Hilo ulikumbuke. Lakini nikuulize: tangu uanze uongo huu, uliwahi kustarehe nao hawa?"

Taiyo alifikiri. "Hapana. Kila siku nilikuwa natunga jambo jipya."

"Ndivyo ilivyo. Rafiki uliyempata kwa uongo, unamlinda kama shamba la mahindi lenye ngedere. Hulali, huketi, ukigeuka tu hofu. Anayekujua ulivyo, na amebaki, huna haja ya kumlinda. Ndiyo maana Mungu anataka tuseme kweli, wanangu. Anataka tupumzike."

Jumatatu jioni Taiyo alikuwa wa kwanza kufika uwanjani. Walikimbia wote watatu, bila kamba, na haikupita hata nusu ya mzunguko kabla kifua chake hakijaanza kulia. Akasimama, mikono magotini.

"Nisubirini," alisema. "Nimechoka."

Zuena alirudi akasimama karibu naye, akamngoja. Mikaeli naye alirudi, akajilaza kabisa kwenye nyasi.

"Afadhali umesema wewe," alisema. "Mimi nilichoka tangu kule mwanzo."