Saa Mbili Asubuhi

Duka la fotokopi lilijaa watu, wino unanuka, mashine inalia kama mbuzi. Mwalimu wa darasa la pili, gauni lake la bluu lina vumbi la chaki, alivuta karatasi zake. Kijana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi likasimama, naye akazivuta.

"Dada, hizo zangu."

"Zako zina picha za kuku, kaka?"

Zilikuwa na kuku. Wakacheka. Kijana alikuwa karani wa takwimu ofisi ya elimu. Hukusanya alama za watoto, ijulikane wapi hawaelewi, walimu wasaidiwe. Mwalimu akampachika jina: Bwana Asilimia.

Miezi minne simu hazikukatika.

"Umekula, mpenzi?"

"Asilimia hamsini. Nyingine nakusubiri wewe."

Halafu yakaja matokeo ya jaribio la kusoma saa. Darasa la mwalimu limeshika mkia! Mwalimu mkuu akamwambia Ijumaa atamkabidhi mwingine darasa. Na aliyeipa kompyuta majibu ya kusahihishia ni Bwana Asilimia. Akampigia.

"Ulijua?"

"Laazizi, ni kompyuta..."

"Kompyuta haijaniita laazizi!" Akakata.

Siku tatu kijana anapiga, hapokelewi. Alhamisi akazitoa karatasi za jaribio kabatini, akasoma moja moja. Picha ya saa: mshale mfupi kwenye nane, mrefu juu kabisa, jua limeshachomoza. Watoto thelathini na wanane wameandika: saa mbili asubuhi. Jibu aliloipa kompyuta yeye: saa nane.

Watoto walisoma saa kama inavyosomwa nyumbani kwao. Yeye alisoma namba. Darasa jirani lilifaulu kwa kuwa lilifundishwa kutaja namba tu. Kusema ni kujichongea, maana mkataba wake unaisha mwezi huu. Akafunga kabati. Akalifungua tena.

Ijumaa alimkuta mwalimu ofisini, tayari anakabidhi daftari la mahudhurio.

"Mama, waliofeli si watoto," alimwambia mwalimu mkuu. "Ni mimi."

Mwalimu mkuu akaitazama ile picha, akaitazama saa yake ya mkononi, akamrudishia mwalimu daftari. "Na wewe kijana, bosi wako utamwambia mwenyewe?"

"Nimeshamwambia. Wananiita Jumatatu."

Walipotoka nje, mwalimu akamnong'oneza, "Watakufukuza?"

"Sijui. Nami nilitaka nije kwenu kujitambulisha. Sasa nitakuja kama nani?"

"Kama mtu aliyekosea akasema. Wasiokosea tunao, baba na mjomba. Mwaka wa sita huu hawasalimiani."

Kijana akacheka. Mwalimu akamshika mikono yote miwili, darasa la pili zima limejazana dirishani.

"Jumatatu nakusindikiza mpaka mlangoni."

"Una kipindi."

"Mwalimu mkuu atanishikia. Sasa hana uso wa kuninyima."